Somo Lisilotahiniwa: Kiswahili katika Mitihani ya Shule za Msingi

Watu wengi huuona mtihani kuwa ni mizani tu. Mtoto amesoma miaka saba. Mwishoni anapimwa, uzito wake unaandikwa katika cheti, na mambo yamekwisha. Sisi tulio darasani twajua kwamba sivyo. Mizani ya sokoni haibadili uzito wa mchele, lakini mtihani hukibadili kile kile unachokipima. Kabla mtoto hajaketi kuufanya, mtihani umekwisha kuamua ni vitabu vipi vinunuliwe, ni vipindi vipi visiguswe, na ni somo lipi lingoje mpaka mengine yakamilike. Kwa mwalimu wa Kiswahili wa Uganda jambo hili si nadharia. Kwa miaka mingi somo letu limekuwamo katika mtaala bila ya kuwamo katika mtihani, na kila aliyewahi kufundisha darasa la saba anaelewa maana ya hali hiyo.

Katika makala haya twakusudia kueleza kwa ufupi jinsi mitihani ya kumaliza shule ya msingi ilivyokitendea Kiswahili katika Uganda, Kenya na Tanzania. Tutaonyesha mambo mawili yanayokwenda pamoja. La kwanza ni kwamba somo lisilotahiniwa hudhoofika, hata likiandikwa katika mtaala kwa wino mzito. La pili ni kwamba somo linalotahiniwa vibaya hudhoofika pia, ingawa udhaifu wake hufichwa na alama nzuri.

Asili ya Ugonjwa

Jambo hili halikuanzia kwetu. Mnamo mwaka 1862 serikali ya Uingereza, kwa shauri la Robert Lowe, ilitoa kanuni mpya za shule za msingi. Sehemu kubwa ya ruzuku ya shule ilifungamanishwa na ushindi wa watoto katika mambo matatu: kusoma, kuandika na kuhesabu. Mkaguzi alifika shuleni kila mwaka, akamtahini mtoto mmoja mmoja, na kila mtoto aliyeshindwa aliipunguzia shule yake fedha. Mpango huo ulijulikana kama malipo kwa matokeo.

Matunda yake yalionekana upesi. Matthew Arnold, ambaye watu wanamkumbuka kwa mashairi yake lakini ambaye riziki yake ilikuwa ukaguzi wa shule, alilalamika katika taarifa zake kwamba ufundishaji umekuwa kama kazi ya mtambo. Watoto walikikariri kitabu walichojua kwamba watasomeshwa mbele ya mkaguzi, hata ikawa vigumu kujua kama mtoto anasoma au anakumbuka. Masomo ambayo hayakuwa na malipo, kama historia na jiografia, yalinyauka. Mwaka 1867 serikali yenyewe ililazimika kuongeza ruzuku kwa ajili ya masomo mengine ili yasije yakatoweka, na katika miaka ya 1890 mpango wote uliondolewa hatua kwa hatua.

Yafaa tuzingatie kwamba walimu wale hawakuwa wavivu wala wajinga. Walifanya kile walicholipwa kukifanya. Hakuna aliyewakataza kufundisha historia; ila hakuna aliyewauliza habari zake. Hilo ndilo lililokuja kukipata Kiswahili katika nchi zetu, ambako mtihani wa shule ya msingi ulipewa kazi nyingine iliyo nzito zaidi. Nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, kwa hiyo mtihani ulikuwa chekeche la kuwatenga wachache watakaoendelea na wengi watakaorudi nyumbani. Palipo na chekeche la namna hiyo, kila mzazi na kila mwalimu hulitazama hilo tu.

Uganda: Lugha Iliyofungiwa Mlango

Hapa kwetu Kiswahili kilikosa nafasi shuleni kabla hata ya kukosa nafasi katika mtihani. Mwaka 1927 Gavana William Gowers aliandika waraka akipendekeza Kiswahili kipewe nafasi kubwa katika elimu ya Uganda. Maaskofu wa misheni walipinga. Kabaka Daudi Chwa naye alipinga kwa maandishi mwaka 1929, na mwaka 1931 Serwano Kulubya alipohojiwa mjini London na kamati ya Bunge la Uingereza alishikilia msimamo huo huo. Tusiwalaumu kwa pupa. Wao hawakuiona lugha peke yake. Nyuma ya lugha waliuona muungano na Kenya ya walowezi, na nyuma ya muungano huo waliona hatari ya kupoteza ardhi na madaraka yao.

Hata hivyo Uganda ilikuwa mwanachama wa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1930 ili kusanifisha lugha hii. Mwaka 1952 makao ya Kamati hiyo yalihamishiwa Makerere. Mwaka huo huo Kiswahili kiliacha kutambuliwa kuwa lugha ya kufundishia katika shule za Uganda, isipokuwa zile za watoto wa polisi. Hivyo wataalamu wakawa wanahariri maneno ya Kiswahili juu ya kilima cha Makerere, na chini ya kilima hicho mtoto wa shule hafundishwi neno hata moja, ila awe baba yake ni askari. Sifa ambayo Kiswahili kilibaki nayo kwetu kwa muda mrefu, ya kuwa ni lugha ya kambi na ya amri, haiwezi kutenganishwa na historia hiyo.

Kenya: Kutoka Ratibani hadi Mtihanini

Kenya ilifuata njia nyingine, nayo ina mafunzo mengi zaidi kwetu. Baada ya uhuru, Tume ya Elimu iliyoongozwa na Profesa Simeon Ominde ilitoa taarifa yake mwaka 1964. Tume ilikubali Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia, lakini ikataka Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi. Neno "lazima" lilikuwa zuri. Lakini ulipoanza mtihani wa cheti cha elimu ya msingi, uliojulikana kwa herufi CPE, mwaka 1966, ulikuwa na karatasi tatu: Kiingereza, Hesabu, na karatasi ya jumla iliyochanganya historia, jiografia na sayansi. Kiswahili hakikuwamo.

Hapana haja ya kueleza sana yaliyotokea. Kiswahili kilibaki katika ratiba, na ratiba ilibaki ukutani. Muhula wa mwisho ulipokaribia, kipindi chake kiligeuka kuwa kipindi cha Hesabu. Mwalimu aliyepewa kukifundisha aghalabu alikuwa yule aliyekuwa na nafasi, si yule aliyekuwa na ujuzi. Hivyo somo lililotajwa kuwa la lazima lilikuwa la hiari mbele ya macho ya kila mtu.

Mtihani wenyewe nao ulikuwa na kasoro nyingine. Majibu yalikuwa ya kuchagua herufi, hata mtoto aliweza kupewa nafasi ya sekondari bila kuandika sentensi moja iliyo yake mwenyewe. Katika miaka ya 1970 mtafiti Anthony Somerset, aliyekuwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alichunguza maswali hayo na kuonyesha kwamba mengi yalidai kukumbuka tu, na kwamba yalimpendelea mtoto wa mjini mwenye vitabu nyumbani. Kuanzia mwaka 1976 maswali yalianza kutungwa upya ili yadai kufikiri, na yaguse mambo kama afya na kilimo ambayo mtoto wa kijijini anayafahamu. Shule zilipelekewa jarida lililoeleza ni maswali yapi watoto walishindwa, ni majibu gani ya makosa waliyapenda, na ni kwa nini. Mwalimu wa mbali akaanza kuambiwa kitu kilicho zaidi ya "wanafunzi wako wameanguka". Twalitaja jambo hili kwa makusudi, kwa kuwa linaonyesha kwamba mtihani unaweza kumsomesha mwalimu pia.

Kiswahili kilingoja zaidi. Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ilikitetea, na Kamati ya Mackay ya mwaka 1981 ikakitetea tena. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, na mtihani mpya wa darasa la nane, KCPE, ukafanywa mwishoni mwa mwaka huo, Kiswahili kilikuwa karatasi ya lazima kwa kila mtoto, pamoja na insha ya kuandikwa kwa mkono. Mambo yakageuka. Wachapishaji waliokuwa wakisita walitoa vitabu vya kiada na vya ziada. Walimu walihitajiwa, na vyuo vikawatayarisha. Mzazi aliyekuwa akisema Kiswahili ni lugha ya sokoni alianza kuuliza kwa nini mwanawe amepata alama 45 katika Kiswahili. Hotuba za miaka ishirini hazikufanya yaliyofanywa na karatasi moja ya mtihani.

Laiti tungeweza kuishia hapo. Karatasi ile ile iliyokiinua Kiswahili ilianza pia kukibana. Magazeti yalichapisha orodha za shule kwa mpangilio wa ushindi, na shule zilitafuta njia fupi ya kupanda. Sehemu ya lugha ilikuwa ya kuchagua herufi, basi watoto walifunzwa kuchagua. Insha ilikuwa moja, ya dakika 40, basi watoto walifunzwa insha hiyo moja. Walipewa orodha ya methali, tashbihi na maneno mazito ya kupachika. Ndiyo maana mtoto alirauka alfajiri na mapema katika kila insha, hata insha iliyohusu mchezo wa jioni. Na akafurahi ghaya ya kufurahi hata katika barua ya rambirambi. Anayesahihisha alikutana na maneno kama "adinasi" na "aushi" katika karatasi ya mtoto ambaye hangeweza kumwelekeza mgeni njia ya kituo cha basi kwa Kiswahili sanifu. Alama zilikuwa nzuri. Lugha ilikuwa vazi la kuazima.

KCPE ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, baada ya Kenya kuanza mtaala mwingine unaotaka umahiri wa mtoto upimwe pia na mwalimu wake darasani. Mabadiliko hayo hayakuzuka tu. Yalitokana na malalamiko ya miaka mingi juu ya mtihani mmoja uliokata shauri la maisha ya mtoto kwa siku tatu.

Tanzania: Lugha Ipo, Je, Kusoma Kupo?

Huenda msomaji akasema kwamba tatizo hilo haliwezi kuwapo mahali ambapo Kiswahili ni lugha ya shule nzima. Natuitazame Tanzania. Tangu mwaka 1967 Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, na kwa hiyo mtoto wa darasa la saba alifanya karatasi zake kwa Kiswahili, isipokuwa ile ya Kiingereza. Mwaka huo huo Mwalimu Julius Nyerere alitoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea. Alisema wazi kwamba shule ya msingi haifai kuwa maandalizi ya mtihani wa sekondari, kwa kuwa ni watoto kiasi cha asilimia 13 tu waliopata nafasi huko. Wengine wote walifundishwa kwa ajili ya safari ambayo hawangeifunga. Azimio la Musoma la Novemba 1974 nalo lilitaka mtihani wa maandishi upunguziwe uzito, na kazi ya mwanafunzi ya kila siku ihesabiwe.

Lakini chekeche halikuondoka. Mnamo mwaka 2010 wapimaji wa mpango wa Uwezo walikwenda majumbani, wakawapa watoto hadithi fupi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili, wakawasikiliza wakisoma. Ilionekana kwamba takriban mmoja kati ya kila watoto watano wanaomaliza shule ya msingi hakuweza kuisoma hadithi hiyo. Watoto hao hawakukosa Kiswahili cha kusema, maana wengi wao walikisema tangu utotoni. Walikosa kusoma, na miaka saba ilipita pasipo mtu kuwasikiliza. Mtihani wa kuchagua herufi una huruma ya ajabu kwa asiyejua: penye majibu manne, anayebahatisha tu hupata kwa wastani robo ya alama. Hauwezi kumtambua mtoto asiyesoma kwa uhakika kama awezavyo mtu mmoja aliyekaa naye kwa dakika chache na kumwambia, "Nisomee".

Funzo la Tanzania, kwa maoni yetu, ni hili: Kiswahili chaweza kuwa lugha ya mtihani mzima na bado mtihani usijue kama mtoto anakisoma Kiswahili.

Tulipo Sisi

Tume ya Kajubi ilichunguza elimu ya Uganda kuanzia mwaka 1987 hadi 1989, na Waraka wa Serikali wa mwaka 1992 uliofuata taarifa yake ulitamka kwamba Kiswahili na Kiingereza vifundishwe kwa lazima kwa watoto wote wa shule za msingi. Mwaka 2005 katiba ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 ulikiweka katika masomo ya lazima ya miaka miwili ya kwanza. Mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari, na kwamba kitahiniwe.

Neno la mwisho, "kitahiniwe", ndilo lililokuwa jipya. Tangu mwaka 1992 "lazima" tulikuwa nayo, kama Kenya ilivyokuwa nayo tangu 1964. Hadi Baraza lilipokaa mwaka 2022, mtihani wa kumaliza shule ya msingi ulikuwa na karatasi nne: Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Maarifa ya Jamii. Kila karatasi ilipewa daraja kuanzia 1, lililo bora, hadi 9, na jumla bora kuliko zote ilikuwa 4. Picha za watoto waliopata 4 zilitoka magazetini, wakiwa wamebebwa juu mabegani. Katika hesabu hiyo Kiswahili hakikuongeza wala kupunguza kitu. Mwalimu mkuu mwenye watoto mia moja, walimu wachache, na wazazi wanaongoja hizo 4, angepata wapi saa ya kukifundisha? Sisi hatumlaumu. Ndivyo walivyofanya walimu wa Uingereza miaka zaidi ya mia iliyopita. Na mtoto aliyetoka katika shule hiyo alipoingia sekondari alikikuta Kiswahili kuwa somo la lazima, akaanza na "hujambo" akiwa na umri wa miaka 13 au zaidi.

Kwa hiyo hatuna budi kutaka Kiswahili kitahiniwe katika shule za msingi. Lakini historia tuliyoieleza yatufundisha kwamba tusiishie kutaka karatasi tu. Yapo mambo matatu yanayopasa kutangulia.

Kwanza, walimu na vitabu. Karatasi ya Kiswahili ikija kabla ya mwalimu wa Kiswahili, watakaoshinda ni watoto wa shule za mijini zinazoweza kumwajiri mwalimu na kununua vitabu. Mtoto wa Karamoja au wa visiwa vya Ssese ataongezewa somo la tano la kushindwa. Tutakuwa tumelichukua somo la kuwaunganisha watoto, tukalifanya ukuta mwingine wa kuwatenga.

Pili, namna ya kutahini. Tusikubali karatasi ya kuchagua herufi peke yake. Mtoto aandike: barua, maelekezo, taarifa fupi, kisa alichokiona. Maswali ya insha yabadilike kila mwaka, na msahihishaji aelekezwe kumpa alama mtoto anayesema jambo lake kwa maneno yaliyo wazi kuliko yule anayepachika methali kumi zisizo na kazi. Na kwa kuwa Kiswahili kwetu ni lugha ya kuzungumza na jirani kabla ya kuwa lugha ya kitabu, mwalimu amsikilize kila mtoto akisoma na akizungumza, na tathmini hiyo ihesabiwe.

Tatu, matokeo yarudi darasani. Alama iliyoandikwa tu "6" haimwambii mwalimu neno. Jarida lililopelekwa katika shule za Kenya kuanzia 1976 laonyesha kwamba yawezekana kumweleza mwalimu ni wapi watoto walipotelea, ni upatanisho wa ngeli upi uliowashinda, ni swali gani la ufahamu walilolielewa vibaya. Jambo hilo halihitaji fedha nyingi kama ujenzi wa madarasa. Lahitaji tu watahini wakubali kwamba kazi yao haiishi matokeo yanapotangazwa.

Ndugu walimu, hatutakiwi kungoja wizara katika mambo haya yote. Kumsikiliza mtoto akisoma hakuhitaji waraka kutoka Kampala. Kila mwalimu aweza, kuanzia muhula huu, kuwaita watoto wake mmoja mmoja, kuwapa hadithi fupi, na kuandika katika daftari nani anasoma, nani anababaika, na nani anakariri. Siku karatasi ya Kiswahili itakapofika mezani kwa mtoto wa kila wilaya, daftari hizo zitakuwa na mengi ya kuwaambia watunga maswali.